Marekani ilipojitoa mkataba wa nyuklia wa Iran: aliyetoka ni mmoja, waliobanwa ni wote

Mzee wa Manifesti (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi wa bei ya mafuta juzi mdau mmoja aliuliza: mkataba ukiwa na nchi saba, moja ikajitoa, si zile sita zinaendelea na mambo yao? Nikataka kumjibu palepale, nikaona jibu lenyewe refu, litaharibu uzi wa watu. Nimefungua huu.

Mfano wa kuutazama ni mkataba wa nyuklia wa Iran. Ulifikiwa Vienna tarehe 14 Julai 2015. Upande mmoja Iran, upande wa pili Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Urusi na China, na Umoja wa Ulaya akiwa mratibu. John Kerry, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, na mwenzake wa Iran, Mohammad Javad Zarif, walikesha pale hoteli ya Palais Coburg usiku kwa usiku mpaka zikatoka kurasa zaidi ya 150 pamoja na viambatisho. Siku sita baadaye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaupitisha kwa azimio namba 2231, kura zote ndiyo.

Iran alikubali nini? Mashine za kurutubisha urani zishuke kutoka karibu 19,000 hadi 6,104. Urutubishaji usizidi asilimia 3.67, kiwango cha mafuta ya kinu cha umeme. Akiba isizidi kilo 300. Kiini cha kinu cha Arak king'olewe na kimiminwe zege. Fordow, kile kiwanda kilichochimbwa chini ya mlima karibu na mji wa Qom, kisirutubishe urani kwa miaka 15. Na wakaguzi wa Wakala wa Kimataifa wa Nishati ya Atomiki, IAEA, waingie na kamera zao. Desemba 2015 ilipakiwa meli yenye tani zaidi ya 11 za urani ikapelekwa Urusi. Yaani mzigo uliondoka kweli, haikuwa maneno ya kwenye karatasi tu.

Malipo yake: vikwazo viondolewe, auze mafuta, anunue ndege, benki zake zirudi SWIFT, mtandao ambao benki za dunia hutumiana maagizo ya malipo. Vikaondolewa tarehe 16 Januari 2016.

Tarehe 8 Mei 2018 Donald Trump akasimama Ikulu ya Washington, akatangaza kujitoa, akasaini karatasi mbele ya kamera. Wale wengine sita, Iran akiwemo, wakasema wao wamo bado. Kwa karatasi mkataba ulikuwa hai kabisa. Sasa angalieni kilichofuata.

Kampuni ya mafuta ya Total ya Ufaransa ilikuwa na mkataba wa kuchimba gesi ya Iran eneo la South Pars, awamu ya 11, mradi wa dola bilioni 4.8, hisa zake asilimia 50.1. Agosti ikaondoka. Peugeot ilisimamisha shughuli zake Juni. Airbus ilikuwa imeuza ndege 100. Zilizofika Tehran ni tatu. Boeing ya Marekani yenyewe, yenye oda ya ndege 80, haikufikisha hata moja. Hakuna hata moja kati ya serikali za Ulaya iliyoziambia kampuni zake ziondoke. Serikali hizo zilikuwa zinazibembeleza zibaki!

Kwa nini waliondoka, naendelea posti inayofuata. Nakunywa chai kwanza.

---

Kamanda Ubungo

Naweka kambi hapa. Mleta mada usituache njiani kama wale wa "itaendelea" halafu hawarudi.

---

Nondo Kavu

Mkuu, kabla hujaendelea, mbona mkataba wenyewe ulikuwa mbovu? Makombora haukuyagusa, Hizbullah wa Lebanon wanaosaidiwa na Iran haukuwagusa, na masharti mengine yalikuwa yanakwisha baada ya miaka 10 au 15. Obama aliwapelekea mamilioni ya dola taslimu kwa ndege. Trump alifanya sahihi. Usituletee habari za upande mmoja.

---

Mzee wa Manifesti

Nondo, nimekuona, nitakujibu. Ngoja nimalize hili la makampuni kwanza kwa sababu ndilo swali la uzi.

Vikwazo vya Marekani viko vya aina mbili. Cha kwanza kinamfunga Mmarekani: wewe raia wetu, wewe kampuni yetu, usifanye biashara na Iran. Hicho hakimsumbui Mfaransa. Cha pili ndicho chenye meno: wewe Mfaransa, Mjapani, Mtanzania, ukifanya biashara na Iran, kwetu sisi huingii. Benki yako hatutaipa akaunti New York. Ni kama mwenye soko aliyegombana na muuza samaki mmoja: hahitaji kumfukuza, anawaambia tu wateja kwamba atakayenunua kwa yule asikanyage tena kwenye meza nyingine zote. Nani ataendelea kununua?

Kwa sababu dola ndiyo pesa ya biashara ya dunia, karibu kila malipo makubwa ya dola hupita New York hata kama mnunuzi yuko Dar na muuzaji yuko Dubai. Kampuni kama Total ilipiga hesabu: Iran ina mradi mmoja, Marekani kuna wakopeshaji, wanahisa na visima. Haikuhitaji kufikiri sana.

Mimi hili nililiona kwenye meza ya kazi. Kipindi kile nilikuwa kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar, tukihudumia makandarasi wa barabara. Lami nyingi inayokuja pwani hii, ile ya mapipa ya daraja la 60/70, asili yake ni Bandar Abbas, bandari ya Iran, hata kama aliyeandikwa kwenye ankara yuko Dubai. Baada ya Novemba 2018, vikwazo vya mafuta viliporudi rasmi, mteja wetu mmoja alituma malipo kwa dola kupitia benki moja ya hapa mjini. Pesa zikaganda. Wiki zikapita. Ikaja barua kutoka benki: leteni jina la meli na majina yake yote ya zamani, namba yake ya usajili, bandari iliyopakia, cheti cha uasili wa bidhaa, nani mmiliki wa kampuni inayouza, na huyo mmiliki ni raia wa wapi. Tulileta karatasi zote. Mwishoni pesa zilirudishwa zikiwa zimekatwa makato ya kwenda na ya kurudi, bila maelezo. Mzigo ukauzwa kwa mtu mwingine, na greda la mkandarasi likawa limelala porini huko na wafanyakazi wanalipwa posho ya kukaa.

Hakuna sheria ya Tanzania iliyokuwa imevunjwa. Azimio la Umoja wa Mataifa lilikuwa bado linasema vikwazo vimeondolewa. Lakini ofisa wa benki aliyekaa ghorofa ya juu kule New York hakuhitaji azimio. Alihitaji kuona neno "Bandar Abbas" tu kwenye BL, ile hati ya shehena ya meli.

Ulaya wakajaribu kujikinga. Agosti 2018 wakafufua sheria ya kukataza kampuni zao kutii vikwazo vya Marekani. Kwa hiyo kampuni ikitii inavunja sheria ya Umoja wa Ulaya, isipotii inafungiwa Washington. Karibu zote kubwa zilichagua kumwogopa Washington, na nyingine zikasema zinaondoka kwa sababu za kibiashara.

Januari 2019 Uingereza, Ufaransa na Ujerumani wakaanzisha chombo kiitwacho INSTEX, makao yake Paris. Wazo lilikuwa zuri: pesa isivuke mpaka kabisa. Mzungu anayenunua bidhaa ya Iran anamlipa Mzungu mwenzake aliyeuza dawa Iran, na kule Tehran vivyo hivyo. Malipo ya kwanza, ya vifaa vya tiba, yalikamilika Machi 2020. Zaidi ya mwaka mzima kwa muamala mmoja! Machi 2023 kikafungwa. Mataifa matatu makubwa ya Ulaya, yenye benki kuu na majeshi na kila kitu, yalishindwa kutengeneza njia ya kulipia dawa ambayo Marekani haijaibariki.

Kwa hiyo kwa yule mdau: ndiyo, walibaki sita. Walibaki na mkataba wasioweza kuutekeleza.

---

Mwana wa Likoni

Ndugu, nyinyi huko mwalia na lami, sisi hapa Mombasa ni majani chai. Iran ni wanywaji chai wakubwa na hununua yetu. Chakula hakimo kwenye vikwazo, wenyewe Marekani wasema hivyo. Lakini nenda kwa mtu wa mnada hapa umuulize malipo ya kutoka Tehran yaja vipi. Atakuangalia tu. Benki haitaki kusikia habari ya chakula wala nini, ikisikia Iran yafunga dirisha.

---

Mzee wa Manifesti

Mwana wa Likoni umegusa penyewe. Chakula na dawa kisheria vinaruhusiwa, ila benki haioni faida ya kujiweka hatarini kwa ajili ya kamisheni ya dola mia tatu.

Iran kuna watoto wenye ugonjwa wa ngozi uitwao EB. Ngozi yao inachubuka kwa kuguswa tu, wenyewe wanawaita watoto wa kipepeo. Walikuwa wanatumia bandeji maalumu ya povu kutoka kampuni ya Sweden, isiyoshika kidonda. Vikwazo viliporudi kampuni ikasitisha mauzo, ingawa bandeji haimo kwenye orodha yoyote. Wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa wakaiandikia. Mtoto anabadilishwa kitambaa cha kawaida kinang'oka na ngozi. Naliandika hili kwa sababu watu wakisema "vikwazo" humu wanafikiria majenerali.

Iran ilikwenda Mahakama ya Haki ya Kimataifa, The Hague, ikitumia mkataba wa urafiki iliotiliana na Marekani mwaka 1955, enzi za Shah. Tarehe 3 Oktoba 2018 mahakama ikatoa amri ya muda kwamba Marekani isizuie dawa, chakula na vipuri vya usalama wa ndege za abiria. Unajua Marekani ilijibu nini? Siku ileile waziri wao wa mambo ya nje, Mike Pompeo, akatangaza wanajitoa na huo mkataba wa 1955. Mahakama imekuamuru, unajitoa kwenye mkataba uliokubana. Hapo mimi nilicheka peke yangu ofisini.

Sasa Nondo Kavu. Hoja zako nazichukua kwa uzito, si za kutupwa.

Makombora na Hizbullah: ni kweli, havikuwemo. Viliachwa makusudi, maana ukiviweka vyote mezani hupati hata kimoja. Masharti yenye mwisho: kweli pia. Idadi ya mashine ilikuwa ya miaka 10, kiwango cha asilimia 3.67 miaka 15. Mtu anaweza kusema ni muda mfupi, na mimi sitambishia sana.

Pesa za kwenye ndege: zilikuwa taslimu zenye thamani ya dola milioni 400, Januari 2016, sehemu ya dola bilioni 1.7. Hizo ni fedha ambazo Iran ya Shah ilikuwa imelipia silaha za Marekani kabla ya mapinduzi ya 1979, silaha hazikuletwa, kesi ikakaa miaka zaidi ya 30, pamoja na riba yake. Unaweza kusema muda ulichaguliwa vibaya. Zawadi haikuwa.

Lakini swali la kujiuliza ni moja: je, Iran alikuwa anatekeleza? IAEA ilitoa ripoti baada ya ripoti ikisema anatekeleza. Hata serikali ya Trump mwenyewe ilithibitisha mara mbili mbele ya Bunge lao mwaka 2017 kabla ya kukataa mwezi Oktoba. Kwa hiyo Marekani haikujitoa kwa kuwa Iran amevunja. Na hilo ndilo lililowaumiza wale wa Tehran waliokuwa wametetea mazungumzo. Rais Rouhani na Zarif walikuwa wamewaambia wenzao wenye msimamo mkali kwamba Mmarekani ataheshimu ahadi yake. Baada ya Mei 2018 hao wenye msimamo mkali hawakuhitaji hoja tena. 2021 wakachukua urais.

---

Bi Shuwari

Kaka Manifesti, ahsante kwa maelezo. Mimi niko Maskati, nimezaliwa Unguja. Watu wanasahau kwamba huo mkataba umeanzia hapa. Sultani Qaboos, Mungu amrehemu, ndiye aliyewakutanisha Wamarekani na Wairani kwa siri, 2012 na 2013, wakati hawasemeshani hata salamu. Walipokuja kutangaza Geneva Novemba 2013 ulimwengu ulishangaa, sisi wa hapa tukaangaliana.

Na ukienda Khasab, kule juu Musandam, kaskazini mwa Oman, utaona biashara ya Iran ilivyo. Asubuhi zinakuja boti ndogo za mashine mbili kutoka ng'ambo, zimebeba mbuzi. Mbuzi wanateremshwa, boti zinapakia sigara, mafriji, mashine za kufulia, zimefunikwa na turubali la kijivu, jioni zinavuka mlango-bahari wa Hormuz kurudi. Hakuna benki pale. Riyali ya Iran ilipoanguka bei za vitu zikabadilika kila wiki, wale vijana wa boti walikuwa wanahesabu kwa dirham na kwa riyali ya Oman tu, yao wenyewe hawaitaki.

Sisi tulichoogopa ni vita. 2019 tuliona meli zinapigwa mlangoni kwetu.

---

Mzee wa Manifesti

Dada Bi Shuwari, shukrani sana, umeniokolea aya nzima. Riyali ya Iran kabla ya hayo yote ilikuwa kati ya 30,000 na 40,000 na ushei kwa dola. Septemba 2018 sokoni ikafika karibu 190,000. Machi 2025 ikavuka milioni moja. Mwalimu aliyekuwa anaweka akiba ya mahari ya mwanawe, aliamka hana kitu.

Mafuta: Iran alikuwa anauza nje kama mapipa milioni 2.5 kwa siku mwanzoni mwa 2018. Marekani iliwapa ruhusa ya muda wanunuzi nane, wakiwemo China, India, Japani na Uturuki, halafu Mei 2019 ikaikata. Mauzo yakashuka chini ya mapipa laki tano kwa vipindi fulani.

Watu wengi hawajui kwamba Iran ilikaa mwaka mzima ikitekeleza mkataba bila kulipwa chochote. Ilikuwa inawasubiri Wazungu walete kitu mkononi. Tarehe 8 Mei 2019, mwaka ulipotimia siku kwa siku, ndipo ikasema sasa na sisi tunapunguza, hatua kwa hatua. Julai ikapita kilo 300, ikapita 3.67. Novemba Fordow ikaanza tena kurutubisha urani.

Upande wa bahari ndiyo hayo ya Bi Shuwari. Mei 12 meli nne zilihujumiwa karibu na Fujairah, Falme za Kiarabu. Juni 13 meli mbili zikalipuliwa Ghuba ya Oman, moja ikiwa ya Wajapani, na siku hiyo Waziri Mkuu wao Shinzo Abe alikuwa Tehran ameketi na Khamenei akijaribu kusuluhisha! Marekani ilisema ni Iran, Iran ikakana. Bima ya meli zinazopita Hormuz ikapanda, na bima ikipanda kule, aliyeagiza kontena kutoka bandari ya Jebel Ali, Dubai, kuja Dar naye analipa kidogo kidogo bila kujua. Septemba mitambo ya mafuta ya Abqaiq kule Saudia ikapigwa. Januari 3, 2020 Marekani ikamuua Baghdad Qasem Soleimani, jenerali wa Walinzi wa Mapinduzi, jeshi teule la Iran. Siku tano baadaye Iran ikarusha makombora kwenye kambi za Wamarekani Iraq, na usiku uleule walinzi wa anga wake wakaitungua kwa kudhani ni adui ndege ya abiria ya Ukraine iliyokuwa imetoka kuruka Tehran. Watu 176. Wengi wao Wairani na Wakanada wenye asili ya Iran, baadhi wakiwa wanarudi vyuoni.

Sisemi kila kombora lilisababishwa na ile saini ya Mei 2018. Iran ana mambo yake. Lakini kabla ya 2018 kulikuwa na simu: Kerry na Zarif walikuwa wanapigiana moja kwa moja. Januari 2016 mabaharia kumi wa Marekani walipopotea wakaingia maji ya Iran, walikamatwa na kuachiwa ndani ya siku moja. Baada ya kujitoa, hiyo simu haikuwepo.

---

Chumbageni

Mkuu nina swali la kijinga kidogo. Zile meli za mafuta za Iran zilizokuwa zinapeperusha bendera ya Tanzania miaka ile, ni mambo hayahaya?

---

Mzee wa Manifesti

Si swali la kijinga hata kidogo. Hiyo ilikuwa 2012, kabla ya mkataba, vikwazo vilipokuwa vikali. Zanzibar ina mamlaka yake ya usajili wa meli za kimataifa, na wakala wao aliyekuwa Dubai alisajili meli za mafuta za Iran zaidi ya 30. Mbunge wa Marekani Howard Berman akamwandikia Rais Kikwete barua: hizo meli zifutwe, la sivyo kuna madhara. Kukawa na kukana kwanza, halafu ikabainika ni kweli, Agosti zikafutwa.

Angalia nguvu yenyewe ilivyo. Si rais wa Marekani, ni mbunge mmoja na barua, na daftari la meli Unguja linafunguliwa upya. Ndiyo maana nasema mkubwa akitoka kwenye mkataba hatoki kama anavyotoka mtu wa kawaida. Anatoka na dola, na bima, na orodha ya nani aguswe na nani asiguswe.

Na mchezo wa bendera ulirudi baada ya 2018. Meli kuukuu zinazima mitambo ya kuonyesha zilipo, zinahamishiana mafuta katikati ya bahari usiku, zinabadilisha jina na bendera. Mnunuzi mkubwa akawa viwanda vidogo vya kusafisha mafuta China, kwa punguzo. Kwa hiyo mauzo ya Iran yalipanda tena miaka ya karibuni, ila sasa pesa inapita vichochoroni, na anayefaidi vichochoro ni Walinzi wa Mapinduzi, walewale waliokusudiwa kubanwa. Mfanyabiashara wa kawaida wa Isfahan aliyetaka kununua mashine Ujerumani kwa hati halali ndiye aliyekufa njaa.

---

Nondo Kavu

Sawa mkuu, nimekuelewa kwenye mengi, la pesa sikulijua. Lakini Biden si aliingia 2021? Mbona hakurudi? Maana yake tatizo ni Iran mwenyewe.

---

Mzee wa Manifesti

Nondo, hili ndilo lililonifanya nifungue uzi. Watu wanadhani kujitoa ni mlango: umetoka, ukitaka unarudi. Mkataba wa tabianchi wa Paris ulikuwa hivyo kweli, Trump akatoka, Biden akarudi Februari 2021, Trump akatoka tena. Lakini mkataba wa kubadilishana hauko hivyo, kwa sababu mwenzako naye hakubaki amesimama akikungoja.

Biden anaingia Januari 2021, Iran alikuwa ameshapandisha hadi asilimia 20. Mwanasayansi wao wa nyuklia Fakhrizadeh alikuwa ameuawa Novemba 2020, na Bunge lao limetunga sheria ya kulipiza. Februari wakapunguza ukaguzi. Aprili kiwanda chao cha Natanz kikahujumiwa, wakajibu kwa kupanda asilimia 60. Kutoka 60 kwenda 90 ya bomu ni hatua fupi, kazi kubwa imeshafanyika. Mashine za kisasa walizojifunza kuziunda katika miaka hiyo hata ukizivunja, ujuzi uko kichwani.

Wakakaa Vienna kuanzia Aprili 2021 mpaka karatasi ya mwisho Agosti 2022. Mambo mengi yalikubalika. Moja lililosumbua tangu mwanzo mpaka mwisho: Iran alitaka dhamana kwamba rais ajaye wa Marekani hatajitoa tena. Biden hakuweza kuitoa, na si kwa ukaidi. Katiba yao inataka theluthi mbili ya Seneti ili makubaliano yawe mkataba kamili, ulio mgumu zaidi kwa rais ajaye kuuvunja, na kura hizo hazikuwepo. Obama hakuwa nazo 2015, ndiyo maana aliufanya kuwa makubaliano ya serikali tu, na ndiyo maana Trump aliuvunja kwa kalamu moja. Zarif na wenzake walilijua hilo tangu 2015. Waliamini kwamba makampuni ya Ulaya yakishaingia na fedha, yatakuwa nanga. Nanga zilipandishwa ndani ya miezi mitatu.

Halafu kuna hili la Agosti 2020, wapenzi wa sheria mlisome mara mbili. Mkataba ulikuwa na kifungu kwamba mshiriki yeyote akilalamika Iran amevunja, vikwazo vya Umoja wa Mataifa vinarudi vyenyewe bila kura ya turufu. Marekani, iliyokuwa imejitoa miaka miwili nyuma, ikaenda Baraza la Usalama kukitumia kifungu hicho! Wajumbe 13 kati ya 15 wakaiambia wewe si mshiriki. Uingereza na Ufaransa wakiwemo. Hapo Marekani ililipa bei yake yenyewe: ilikitupa kiti, na silaha nzuri kuliko zote ilikuwa imefungwa kwenye kile kiti.

Silaha hiyo ilikuja kutumiwa na Uingereza, Ufaransa na Ujerumani. Agosti 28, 2025 wakalalamika rasmi, mwisho wa Septemba vikwazo vya Umoja wa Mataifa vikarudi, wiki chache tu kabla ya Oktoba 18 ambapo azimio 2231 lilikuwa linakwisha muda. Urusi na China wakasema hawavitambui.

---

Kamanda Ubungo

Na ile vita ya Juni 2025 inaingia wapi mkuu?

---

Mzee wa Manifesti

Inaingia hapohapo. Aprili 2025 Trump huyuhuyu alianza mazungumzo mapya na Iran, kikao cha kwanza Maskati, Waoman wakisuluhisha tena, Bi Shuwari ni shahidi. Kikao cha sita kilipangwa Jumapili Juni 15. Ijumaa Juni 13 Israeli ikashambulia. Juni 22 Marekani ikapiga Fordow, Natanz na Isfahan. Juni 24 wakasimamisha.

Kwa hesabu ya IAEA, siku mashambulizi yanaanza Iran alikuwa na kilo 440.9 za urani ya asilimia 60. Ikirutubishwa zaidi, kwa vipimo vyao, inatosha mabomu kama kumi. Chini ya mkataba alikuwa na kilo sifuri za kiwango hicho. Na baada ya mabomu wakaguzi waliondoka, hivyo hesabu ya kilo 440.9 ni ya siku ile tu. Unapiga kwa bomu la tani 13 mlima ambao 2017 ulikuwa na kamera za wakaguzi ndani yake.

Nondo utaniuliza, basi Iran ni malaika? Hapana. Asilimia 60 hakuna nchi inayoihitaji kwa umeme, na ripoti za IAEA zina maswali ambayo Tehran haijayajibu kwa miaka. Lakini mimi nimeulizwa madhara ya mkubwa kujitoa, na hayo ndiyo.

---

Mwana wa Likoni

Haya, na lami sasa yatoka wapi?

---

Mzee wa Manifesti

Haha, nilijua tutafika huko. Karatasi zinasema nchi nyingi za Ghuba. Ukilitikisa pipa harufu ni ileile. Nikipata nafasi Jumamosi nitafungua uzi wake wa bei na madaraja, maana wakandarasi wawili wameshanifuata faragha. Hapa tuendelee na swali la Nondo kama analo jingine.